Mwaka Ulioua Mizeituni

Muulize mkulima wa Toscana mizeituni yake ina umri gani, na aghalabu atakutajia mwaka iliokufa: 1985. Januari ile baridi ilishuka kutoka kaskazini ikaweka kambi, na katika mabonde ya karibu na Florence vipimajoto viliteremka hadi chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Mzeituni mkomavu huvumilia nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, ukapoteza majani na matawi machanga tu. Ikizidi 12, gome linapasuka, na kilicho juu ya ardhi hakina tena matumaini. Watu walitoka nje asubuhi wakakuta miti waliyoirithi kwa babu wa babu zao imegeuka kuni.

Haya niliyasikia kwanza kwa Signora mwenye shamba nililokwenda kufanyia kazi, katika vilima vya Chianti, kusini mwa Florence. Nilikuwa nimesoma kilimo cha bustani Morogoro, nikaenda Italia kwa kozi fupi. Kozi ikaisha, mimi nikabaki. Mtu aliyekulia Lushoto hajioni mgeni sana kwenye mteremko. Matuta ya ngazi nayajua, kupanda na kushuka na mzigo nakujua, na ukungu unaolala bondeni hadi saa nne asubuhi naujua vizuri. Kilichokuwa kigeni kwangu ni kwamba hewa peke yake, bila mvua wala upepo, inaweza kuua mti mzima kwa usiku mmoja.

Signora alikuwa amevuka sabini, mfupi, mkali wa jicho, akivaa buti za mpira za marehemu mumewe. Sehemu ya chini ya shamba ilikuwa pori tangu baridi ile. Baba yake hakuwa na moyo wa kuirudia, naye mwenyewe alikuwa na watoto wadogo wakati huo. Sasa alitaka kuifufua. "Nataka mizeituni pale chini kabla sijafa," aliniambia, "na sitaki kuipanda mara mbili."

Nilidhani tutaanza na orodha ya vitalu na bei za miche. Yeye alinipa shuka kuukuu nyekundu, akaniambia niichane vipande. "Zunguka shamba zima. Kila mti wenye shina moja nene, ufunge kitambaa. Wenye mashina matatu au manne, uache."

Nilihitaji muda kuelewa nilichokuwa nakifanya. Mzeituni ukifa juu, mara nyingi mizizi haifi. Baada ya 1985 wakulima waliikata miti yao usawa wa ardhi, wakasubiri. Mwaka uliofuata machipukizi, ambayo wao huyaita polloni, yalitoka kuzunguka kisiki. Wakachagua matatu au manne yenye nguvu, mengine wakayang'oa. Ndiyo maana mizeituni mingi ya Toscana leo haina shina moja lenye mafundo na mashimo kama ile ya kwenye picha za Yerusalemu. Ina vijishina vyembamba vilivyosimama duara, na katikati pengo alipokuwa mzee wao. Kwa hiyo mti wenye shina moja nene, kwenye shamba kama lile, ni mti uliopita 1985 ukiwa hai. Shuka ya Signora ilikuwa inahesabu walionusurika.

Nilipomaliza nikapanda juu ya ukuta wa mawe kutazama. Vitambaa vyekundu vilikuwa vimejikusanya katikati ya mteremko, vikakatika ghafla kwenye mstari mmoja ambao ungeweza kuuchora kwa kamba. Chini ya mstari ule palikuwa na maduara matupu, duara baada ya duara, hadi kwenye kijito. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na upepo hutiririka kufuata mteremko kama maji na kutuama mahali pa chini kabisa. Mstari ule ulikuwa ukingo wa ziwa la baridi la mwaka 1985. Tofauti ya kwenda juu kati ya mti uliopona na uliokufa ilikuwa labda urefu wa nyumba ya ghorofa moja.

Lakini kulikuwa na vitambaa vichache ndani ya ziwa lenyewe. Miti kama sita hivi, imetawanyika, majeraha marefu kwenye gome yakiwa yamefunga, mizee na mizima. Signora alikuja kuitazama mmoja mmoja. Alikunja jani, akageuza upande wa fedha, akavuta tawi linaloning'inia. "Leccino," alisema. Wa pili, Leccino. Nadhani mmoja tu ndio uliombishia, na huo ulikuwa umejificha nyuma ya ukuta wa zizi.

Italia ina aina zaidi ya 500 za mizeituni, nyingi zisizojulikana nje ya wilaya zake. Kilima cha Chianti kina chache zinazotawala. Frantoio ndiyo roho ya mafuta ya Toscana, ya kijani, yenye harufu ya majani mabichi na ukali unaokereketa kooni. Lakini haipendi baridi. Moraiolo ni mti mdogo wa kilima chenye mawe na upepo, mafuta yake machungu, yanakaa muda mrefu bila kuharibika. Maji yakituama miguuni pake unakonda. Leccino unavumilia baridi kuliko hizo mbili, unaiva mapema na kwa pamoja, ila mafuta yake ni laini, na mnunuzi wa Florence anayetaka kukohoa akionja atakuambia hayana kitu. Halafu kuna Pendolino, mti wenye matawi yanayolala, unaopandwa zaidi kwa ajili ya chavua yake kuliko kwa mafuta.

Vitabu vinakupa majedwali: aina hii inastahimili kiangazi, ile inastahimili chumvi, ile ugonjwa fulani. Nilikuwa nimeyabeba majedwali hayo kutoka darasani, na sikuyatupa. Lakini jedwali linazungumzia mti wa wastani kwenye mwaka wa wastani, na mzeituni hauuawi na mwaka wa wastani. Ukipanda mahindi yakakwama, umepoteza msimu. Mzeituni unaanza kukulipa vizuri baada ya miaka mingi, na unatarajiwa kuishi baada yako, baada ya mwanao, pengine baada ya mjukuu. Katika muda huo mwaka mbaya utakuja, hilo si la kubahatisha. Toscana iliupata 1985. Kabla ya hapo iliupata Februari 1956, baada ya Januari ya vuguvugu iliyokuwa imeidanganya miti ikaanza kuamka. Miaka kama 30 kati ya mmoja na mwingine: mti uliopandwa katikati ndipo kwanza uko kwenye nguvu zake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza shamba ni hili: hapa miti hufa kwa nini? Swali la mafuta matamu linaweza kusubiri nje kidogo.

Mwuza miche alifika siku za karibu na Krismasi, kijana mchangamfu mwenye kishikwambi kilichojaa picha. Alituonyesha mashamba ya Arbequina, mzeituni mdogo wa Catalonia huko Hispania, yaliyopandwa kwa mistari iliyobanana kama ua, miche 1,500 na zaidi kwa hekta, mashine ikipita juu yake na kuvuna kila kitu bila mtu kushika tawi. Unazaa mwaka wa tatu, alisema. Unajichavusha wenyewe. Unavumilia baridi pia. Yote hayo ni kweli, na Arbequina kwenye tambarare yenye maji ya kumwagilia ni kitu cha kukitazama mara mbili. Signora alimsikiliza hadi mwisho, akamtengea kahawa, kisha akamwuliza mashine yake itapitaje kwenye matuta yenye upana wa gari la ng'ombe.

Mimi nilikuwa na langu pia. Udongo wetu wa katikati una chokaa nyingi, mawe meupe wanayoyaita alberese, na Arbequina kwenye chokaa huwa na majani ya manjano kwa sababu haupati chuma cha kutosha. Tena kuna sheria ya soko: mafuta yanayouzwa kwa jina linalolindwa la Chianti Classico lazima asilimia 80 angalau yatoke kwenye Frantoio, Correggiolo, Moraiolo na Leccino. Ukipanda mti wa Catalonia kwenye kilima kile, unaondoa lebo inayofanya chupa yako iuzwe kwa bei ya juu kuliko ya jirani asiye nayo. Mambo ya karatasi nayo ni hali ya hewa ya shamba, kwa namna yake.

Tukachimba. Hili ndilo lililonichosha mgongo: mashimo ya kina cha mkono, moja kwenye kila tuta. Unajaza maji, unayaacha yanyweke, unajaza tena, unarudi kesho yake kutazama. Kwenye matuta ya juu, yenye vigae vya mawe ya galestro vinavyovunjika mkononi, maji yalipotea kabla sijamaliza kufunga koki. Katikati yalikwenda polepole. Chini kabisa, karibu na kijito, yalikuwa bado yapo siku ya pili, yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na chura ameshahamia. Mzeituni utavumilia karibu kila udongo duniani, wa chokaa, wa mawe, hata wenye chumvi kidogo, ila mizizi yake haitaki kulala majini. Signora alimtazama yule chura, akasema matuta mawili ya mwisho tuyape nyasi na kuku.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya matuta yaliyobaki, yale yaliyo ndani ya ziwa la baridi lakini juu ya chura. Leccino ilishajichagua. Tatizo ni kwamba Leccino haizai kwa chavua yake yenyewe. Maua ya mzeituni hayahitaji nyuki. Upepo wa mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni ndio unaofanya kazi yote, na katika maua 100 yanayokuwa zeituni hayafiki matano hata mwaka mzuri. Ukipanda Leccino tupu utapata msitu mzuri wa fedha, usio na mafuta. Kila mtu pale kijijini angekuambia uchanganye Pendolino, kwa sababu ndivyo babu yake alivyofanya.

Ila Pendolino una udhaifu wake, na ulikuwa umeandikwa pale pale kwenye majani. Mabondeni, unyevunyevu unapokaa, kuna kuvu linalotia majani ya mzeituni madoa ya mviringo, pete ndani ya pete, kahawia na njano. Wao wanaliita jicho la tausi. Jani linalopata madoa hudondoka, na mti uliopoteza majani wakati wa kipupwe hauna cha kutolea maua wakati wa machipuko. Nilipekua mti wa Pendolino uliokuwa kando ya njia ya chini: tawi zima lilikuwa uchi, majani mawili ya mwisho yakiwa yamejaa macho. Leccino iliyosimama karibu nao ilikuwa na madoa machache tu. Tukaenda kumwona jirani mwenye kitalu kidogo, naye akatutajia Maurino, mti usiosifiwa na mtu, unaotoa chavua nyingi, unaovumilia baridi na ukungu wa bondeni, na kuvu lile haliupati kirahisi. Hauuziki kwa jina. Hakuna chupa nimewahi kuiona iliyoandikwa Maurino. Tukapanda mmoja karibu katika kila kumi, upande upepo unakotokea.

Hivyo shamba likawa mashamba matatu. Juu kwenye galestro, Moraiolo, kwa sababu pale hakuna kinachotuama, si maji wala baridi. Katikati, juu ya mstari wa vitambaa, Frantoio na Pendolino, ule mchanganyiko wa zamani, kwa ajili ya mafuta ya kukohoa. Chini, Leccino na Maurino. Signora aliona faida moja ambayo mimi sikuwa nimeifikiria: Leccino inaiva kwanza, mwisho wa Oktoba, Moraiolo inafuata, Frantoio inajivuta hadi katikati ya Novemba. Watu wachache wenye nyavu na reki wanaweza kumaliza bila kukodi kundi la vibarua, na kiwanda cha kukamulia hakikubanii foleni ya siku nzima huku zeituni zikichemka kwenye kreti.

Tulipanda Aprili, jalidi ikiwa imepita. Kupanda wakati wa kipupwe, kama wafanyavyo watu wa kusini mwa Italia, ni kuupeleka mche mchanga moja kwa moja kwenye baridi. Tulitaka pia miche iliyooteshwa kwa vipandikizi, si ya kubebesha, na hapa Signora hakutaka majadiliano. Kwenye shamba lile kulikuwa na miti iliyozaa vitunda vidogo vyeusi, kokwa tupu na ngozi. Miti hiyo ilikuwa imebebeshwa zamani juu ya mizizi ya mzeituni mwitu. Baridi ilipoikata mwaka 1985, kilichochipua chini ya kiungo kilikuwa kile cha mwituni. Baba yake aliisubiri miaka kadhaa kabla ya kugundua. Mche wa kipandikizi, ukiuawa juu, unarudi ukiwa ule ule.

Mwenzangu wa kazi miaka ile alikuwa mtu wa Sfax, Tunisia, na kwake hadithi yote ile ya baridi ilikuwa kichekesho. Alipotuona tunapima mita tano kati ya mche na mche, aliweka chini kamba akacheka. "Hapa mnapanda mboga," alisema. Kwao, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 na miaka mingine haifiki hapo, Chemlali hupandwa mita 24 kutoka mti hadi mti, miti 17 tu kwenye hekta. Ukipita na gari unadhani ni jangwa lililotobolewa kwa mistari. Chini ya ardhi mizizi imekutana. Kila mti unakunywa eneo lote lililo wazi kati yake na wenzake. Wakulima wao hulima lile eneo tupu mara kwa mara ili magugu yasiibe tone. Nilimwuliza wangefanyaje na Frantoio yetu. "Tungeipa maji ya kunywa kwa mkono," alisema, "halafu tungeizika." Nilijifunza mengi kwa mtu yule. Kubwa ni kwamba aina na nafasi ni uamuzi mmoja: Chemlali kwa mita tano ni mti wa kawaida wenye kiu, kwa mita 24 ni mti uliolisha Sfax vizazi na vizazi.

Sitaki mtu adhani kwamba aina nzuri ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2014 nilikuwepo. Kipupwe kilikuwa cha vuguvugu, nzi wa zeituni hawakupungua, kisha kiangazi kikawa cha mvua na baridi kidogo, hali waipendayo. Nzi hutaga ndani ya tunda. Funza anakula nyama, na kinachobaki kinaoza. Juu, katikati, chini, Leccino, Frantoio, yote yalitobolewa. Watu wengi wa Toscana na Umbria mwaka ule hawakukamua kabisa. Signora aliweka nyavu stoo bila kuzikunja vizuri, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Kipindi hicho hicho mjomba wangu alinipigia simu kutoka Lushoto. Tukasalimiana, shikamoo mjomba, marahaba mjomba, akaulizia afya, akaulizia theluji, kisha akafika alikokuwa anakwenda: ameona bei ya chupa ya mafuta ya zeituni kwenye duka kubwa mjini Arusha, na shamba lake la mapeasi limechoka. Je, naweza kumpatia miche?

Nilimweleza kwamba mti utaota. Hilo ndilo linalowadanganya watu. Mzeituni ukiupeleka karibu popote penye jua na udongo usiotuamisha maji utaota na kunenepa, na majani yatang'aa. Lakini vichipukizi vyake haviamui kuwa maua mpaka vipite wiki kadhaa za baridi ya kipupwe, baridi ya kadiri, isiyogandisha. Bila hiyo vinakuwa majani tu, mwaka hadi mwaka.

"Mbona huku baridi tunayo," alisema, na kweli Julai ya Lushoto si ya kuchezea.

"Mnayo, mjomba, lakini haikai kama ya kule. Usiku ni baridi, mchana jua linarudi, na mti haujui kama umepita msimu."

Kuna aina zinazodai baridi kidogo kuliko nyingine, Arbequina na Koroneiki ya Ugiriki zikiwemo, ndiyo maana watu wanazijaribu hata Texas na Florida. Mtu mwenye hamu anaweza kupanda miwili mitatu kando ya nyumba akaitazama. Kung'oa shamba la mapeasi kwa ajili yake ni jambo jingine. Nikamkumbusha kwamba mzeituni wa kwetu upo, ule mwitu wa misitu mikavu ya nyanda za juu, ambao Wamasai wanauita oloirien na kufukizia vibuyu vya maziwa kwa kuni zake, na Wakikuyu mutamaiyu. Ni ndugu wa damu wa ule wa Toscana, na huo unazaa bila kusubiri kipupwe chochote, vitunda vidogo vya ndege, kwa sababu umezaliwa hapo. Mjomba akanyamaza kidogo, akasema basi atauliza habari za parachichi. Nikamwuliza shamba lake linapigwa na upepo upande gani, akaniambia simu inaisha salio.

Kitu kilichonikaza zaidi kwenye msimamo huu wa mwaka mbaya, na papo hapo kikanitia wasiwasi nao, nilikiona Salento, kisigino cha Italia. Kule mwaka 2013 wataalamu waligundua karibu na Gallipoli bakteria aitwaye Xylella fastidiosa ndani ya mizeituni iliyokuwa ikikauka kuanzia ncha za matawi. Husambazwa na mdudu mdogo ambaye watoto wake huishi ndani ya mapovu kwenye majani ya magugu. Vinasaba vyake vilielekeza kwenye bakteria wa Costa Rica, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba aliingia na mmea wa kahawa wa mapambo. Mtu wa Afrika Mashariki hasomi sentensi hiyo haraka: mkahawa mmoja wa sebuleni, na mamilioni ya mizeituni.

Nilikwenda na yule mwenzangu wa Sfax. Barabara ilipita kati ya miti minene kiasi kwamba watu watatu wasingeweza kuizungusha mikono, yote mikavu, ya kijivu, bila jani. Ilikuwa Ogliarola na Cellina di Nardò, aina mbili zilizotawala kule kwa karne nyingi kwa sababu zilifaa: kwa kiangazi, kwa udongo mwekundu, kwa vyakula vya kule. Hazikuwa zimechaguliwa vibaya. Mwaka mbaya uliokuja haukuwa kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote. Halafu katikati ya mifupa ile mwenzangu akanishika bega. Mstari mmoja wa miti ya kijani, imesimama kana kwamba haijasikia habari. Tukashuka. Nilikunja jani kama Signora alivyonifundisha, na moyo wangu ukajua kabla ya mkono.

Leccino ni moja ya aina chache zilizothibitika kustahimili ugonjwa ule; nyingine ni FS-17, iliyozalishwa na watafiti wa Italia, wanayoiita pia Favolosa. Ugonjwa haujui lolote kuhusu baridi, na baridi haijui lolote kuhusu bakteria. Ni bahati tu kwamba mti uliookolewa na jambo moja umeokolewa na la pili. Sasa Salento inapandwa upya, kwa sehemu kubwa kwa aina hizo mbili, hekta kwa hekta. Nawaelewa. Ningekuwa na shamba kule ningefanya hivyo hivyo, na bado ningelala vibaya, kwa sababu kustahimili Xylella hakusemi chochote kuhusu kitakachofuata, na shamba la aina mbili linakipa hicho kitakachofuata njia iliyonyooka. Ningetafuta pembe moja ya kuweka mti mwingine wa zamani unaoonekana kujikaza, hata kama hauna jina kwenye karatasi. Watafiti wenyewe wanaizungukia miti ya namna hiyo, mizeituni iliyojiotea porini katikati ya ile iliyokufa.

Miche yetu ya bondeni ilishika. Kipupwe kimoja kiliunguza ncha za Maurino, si zaidi. Leccino ilianza kutupa mafuta ya maana miaka michache baadaye, laini kama ilivyoahidi, na Signora anayachanganya na Frantoio ya katikati, kipimo chake akikijua mwenyewe. Wanunuzi wanakohoa kiasi. Bado yapo mapengo kadhaa kwenye tuta la tatu kutoka chini, palipokauka miche iliyoliwa mizizi na panya. Mjukuu wake, aliyerudi kutoka chuo kikuu Pisa, anataka pale pawekwe Favolosa kwa tahadhari ya Xylella. Signora anasema hajawahi kuuona mti huo ukipita Januari mbaya, kwa hiyo ajaribu kwanza miwili. Kitalu kinataka oda ikiwa na malipo ya awali kabla ya mwisho wa Februari. Karatasi iko mezani jikoni. Kwenye mstari wa aina Signora ameandika Leccino, mjukuu amefuta, yeye ameandika tena, na juma lililopita nilipoulizwa maoni yangu nilisema turudishe kwanza ile shuka nyekundu, tukaangalie pale pengo lilipo kuna nini pembeni yake.